Nimemaliza Shule ya Sheria, nitafikaje kwenye ujaji?

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza Shule ya Sheria na nimerudi nyumbani Kasulu. Ndoto yangu ni ujaji. Nianzie wapi?
Binti wa Kasulu, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Katiba inataka uwe na sifa, kama vile uhakimu au uwakili, kwa miaka isiyopungua 10. Basi cha kupanga sasa ni hiyo miaka 10.

Ningekuwa wewe ningeomba uhakimu, hata wilaya ya mbali. Nimekuwa hakimu hapa Tabora, na kilichonikomaza ni mirathi: ndugu wa baba mmoja hawasalimiani, kila mmoja na karatasi yake, mjane kanyamaza. Huyo mjane muulize mwenyewe, taratibu. Wengi huja wameshaelekezwa na shemeji zao cha kusema.

Wakati unasubiri ajira, soma hukumu kwenye tovuti ya TanzLII, ni bure. Ukimaliza sehemu ya ushahidi, simama hapo, andika hukumu yako: hoja za kuamuliwa, uamuzi, sababu. Ndipo uilinganishe na ya jaji. Andika kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria imekifanya lugha ya mahakama, na anayeshindwa kesi ana haki ya kuelewa kwa nini.

Na mikopo ya mawakili na wafanyabiashara, mwanangu, ikwepe kuanzia leo; kesho watasimama mbele yako na kesi zao.