Masikio ya kompyuta

Swali: Jambo fundi. Nafundisha mwaka wa tano wa msingi hapa Kadutu, Bukavu. Tulipata kompyuta sita za XO, zile za kijani na nyeupe za watoto, zilizokwisha tumika. Nne zinaonana bila intaneti, mbili hazioni mwenzao hata mmoja. Tena betri zinaisha kabla ya saa sita. Naweza kuuzima huo mtandao wao?

Jibu: Jambo Mama Mwalimu. Masikio yameinuliwa? Usinicheke. Niliwahi kufungua moja mchana mzima, bisibisi mkononi, kumbe antena zake, yale masikio mawili, zilikuwa zimelala, zimefunika matundu ya USB.

Yakiwa juu na bado kimya, bonyeza F1, uone majirani. Kuna miduara ya chaneli 1, 6 na 11. Aliye kwenye 1 hamsikii wa 6 hata wakikaa benchi moja. Wote wabofye 6.

Zikikataa, fungua Terminal, programu ya kuandikia amri, andika ifconfig. Ukiona msh0, hiyo ni XO-1, ile ya 2007, yenye mesh: ujumbe wa mtoto wa mlangoni hupitia kompyuta ya katikati hadi ya dirishani. XO-1.5 kwa nje ni pacha wake, lakini mesh iliondolewa. Nayo inaonyesha miduara mitatu, ila haipitishi ujumbe wa mwingine, na haielewani na mesh. Nadhani hizo mbili zako ni za namna hiyo. Hapo tafuta ruta ndogo, kile kisanduku cha Wi-Fi, zote sita ziingie humo. Intaneti si lazima.

Sasa betri. Kwenye XO-1 chipu ya redio, ile ya mtandao usio na waya, inaweza kubaki macho ikibeba ujumbe wa wenzake wakati kompyuta yenyewe imelala. Skrini nyeusi, chaji inatoka. Siku ya kusoma na kuandika tu, weka mshale juu ya kile kimtu cha katikati, ingia kwenye mipangilio, kisha mtandao, uondoe alama kwenye Radio. Hapo kila kitu kisicho na waya kinakatika, ruta nayo.

Ukitaka kukata mesh peke yake, ruta ibaki, rudi Terminal, andika su upate ruhusa ya msimamizi, halafu:

echo 0 > /sys/class/net/eth0/lbs_mesh

Acha nafasi kabla na baada ya ile sifuri. Na ukiizima kompyuta na kuiwasha, mesh inarudi. Utaandika tena kesho asubuhi.