Kila masika mwanangu anapiga chafya, na ukuta wake una madoa meusi

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mwanangu ana miaka 9. Kila masika anaamka na chafya mfululizo, makamasi mepesi na macho yanamwasha, ila homa hana. Tukimpeleka Dodoma kwa shangazi yake, baada ya siku chache anakuwa mzima. Nyuma ya kabati lake ukuta una madoa meusi. Tumepaka rangi mara mbili, yanarudi. Nimeuziwa antibayotiki, nafuu hakuna. Nifanyeje?
Mama, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Chafya za wiki nyingi bila homa, zinazotulia akihama nyumba, zinaelekea kwenye mzio (aleji), na madoa hayo yanashukiwa sana. Ni kuvu. Vijimbegu vyake huelea hewani, mtoto anavivuta usiku kucha. Kipimo cha ngozi au cha damu hospitalini kinaweza kuthibitisha. Antibayotiki huua bakteria. Kwa mzio haisaidii kitu.

Rangi imewaangusha kwa sababu ukuta bado una maji. Kuvu huendelea kukua chini ya rangi, kisha rangi inabanduka. Tafuteni kwanza maji yanatoka wapi. Bandikeni kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, mzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, mkiache siku 2. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta: bomba linavuja, maji yanapanda kutoka msingini, au plasta ilichanganywa na mchanga wa baharini, ambao chumvi yake huvuta unyevu. Yakiwa upande wa chumbani, hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu. Hapo fungueni madirisha, msianike nguo ndani, na kabati likae sentimita 10 kutoka ukutani.

Chanzo kikishatibiwa ndipo msafishe, mtoto akiwa nje. Vaeni barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, na glavu. Lowesheni madoa kabla ya kusugua, maana brashi kavu hurusha vijimbegu chumba kizima. Sugueni kwa maji ya sabuni, futeni, kaushieni kwa feni. Jiki hung'arisha doa juu juu, lakini haipenyi vizuri kwenye plasta. Na kamwe isichanganywe na siki wala dawa yenye amonia, mvuke wake ni sumu. Dari ya jipsamu iliyoota kuvu ikatwe, itupwe. Godoro likilowa, likauke ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo kuvu huanza.

Kwa mtoto wa umri huo, setirizini, dawa ya mzio, miligramu 5 asubuhi na 5 jioni hupunguza chafya na muwasho. Mwoneshe mfamasia kwanza kama ana ugonjwa wa figo au anatumia dawa nyingine. Pua ikiziba kila siku, daktari anaweza kumwandikia dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, inayotuliza uvimbe wa ndani ya pua. Hiyo hutumika kila siku, nafuu huja baada ya siku kadhaa, na wengi huiacha mapema wakidhani haifanyi kazi. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5. Yakizidi, pua huziba zaidi.

Akikohoa usiku au kifua kikilia kama filimbi, apimwe pumu. Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kumaliza sentensi, mpelekeni hospitali usiku huohuo.