Yule mama wa mti uliyeniuliza

Mwanangu, Tumsifu Yesu Kristo. Meseji yako niliiona tangu Jumapili, umeandika "baba umeenda mpaka Italia kwenye kanisa kubwa vile alafu unatutumia picha tisa za mwanamke aliyekonda, huyu ni mtakatifu au mzimu?" Sikutaka kukujibu kwa voisi maana ni jambo refu, nimeona bora nikae niandike.

Ni mtakatifu. Ni Maria Magdalena, na amechongwa kwa mti, ndo maana.

Lakini ngoja nianze na kanisa. Kaka yako alinitoa Bologna kwa treni, hata saa haikuisha tukawa Florence, tukapita vichochoro vya maduka, tukakata kona moja hivi nikajikuta nimesimama tu. Linaitwa Santa Maria del Fiore, marumaru nyeupe, kijani na pinki toka chini mpaka juu. Walianza kulijenga 1296, kuba likaja kukamilika 1436, na ule uso wa mbele uliouona kwenye picha ni wa juzi tu, 1887. Sasa hilo kuba ndo mambo ya mafundi. Upana wake kama mita 45, na mafundi wa enzi zile walizoea kujenga tao juu ya fomu ya mbao, ukuta ukishakaza ndo wanatoa mbao, lakini kwa upana ule na kimo kile mbao za kutosha wangetoa wapi, basi kanisa likakaa na uwazi mkubwa juu miaka na miaka mpaka akaja Brunelleschi, mtu aliyesomea usonara wala si uashi, akasema mimi najenga bila fomu ya kuanzia chini. Akajenga maganda mawili, moja ndani ya jingine, na matofali mengine akayalaza mengine akayasimamisha, yanapanda yakizunguka kama mifupa ya samaki, yaliyosimama yanayashika yaliyolala yasiteleze kabla chokaa haijakauka. Mimi nimefanya kazi ya mbao miaka yangu yote na hapo nilivua kofia, yani mtu kakosa mbao akaifanya kazi ya mbao kwa tofali.

Ngazi ni 463. Kaka yako alipanda, mimi magoti yalikataa nikabaki chini.

Ndani ni peupe kuliko nilivyotegemea, vitu vingi vya thamani wamevihamishia makumbusho ya kanisa, yapo hapo nyuma tu. Kuna milango ya shaba iliyopakwa dhahabu ya Ghiberti, aliifanyia kazi miaka 27, kila paneli na hadithi yake toka Agano la Kale, zipo kumi. Hii ilikuwa kwenye nyumba ya ubatizo mbele ya kanisa, na tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika ukaingia mjini, maji yakang'oa baadhi ya paneli. Siku hizi pale nje kuna nakala, ya kweli iko humu makumbusho.

Na Magdalena naye alikuwa mule mule kwenye nyumba ya ubatizo siku ya mafuriko, maji ya matope na mafuta yakampata. Walipokuja kumsafisha wakakuta chini ya rangi ya kahawia waliyompaka watu wa baadaye kuna rangi yake ya mwanzo ya ngozi, na nywele zina dhahabu. Aliyemchonga ni Donatello, wataalamu wengi wanasema ni miaka ya 1450, mzee wa sitini na kitu. Simulizi za zamani zinasema Magdalena alikaa jangwani miaka 30 akifunga na kusali, basi Donatello akachonga mtu aliyefunga kweli. Meno yamebaki machache, macho yameingia ndani, mishipa ya shingo imetoka, nguo yake ni nywele zake mwenyewe. Mikono ameiinua kusali lakini viganja havijagusana, pamebaki nafasi ndogo. Mwanangu hapo ndipo niliposhindwa kuondoka, kwasababu bibi yako mwaka ule wa mwisho alikuwa anasali vile vile, vidole vilishakataa kukutana.

Na kuna kingine ambacho sijawahi kukuambia. Unaikumbuka ile sanamu ya Mtakatifu Yosefu, wewe ukiwa darasa la nne, ulikuwa unanishikia taa usiku? Niliichonga kwa mninga, nikampa mikono ya seremala kweli, mishipa imesimama, kidole gumba kina ukucha uliokufa kwa nyundo. Kamati ikaja kuiona wakasema hapana, mtakatifu gani ana mikono ya kibarua, lainisha. Nikalainisha. Nilipiga msasa siku mbili, nikapaka vanishi, wakafurahi, wakanilipa. Toka siku ile kanisani nakaa upande wa pili ambako siioni, mama yako anadhani nakimbia feni.

Sasa nimesimama mbele ya yule mama wa mti, katikati ya mji ule wenye dhahabu yote ile, naona hakuna aliyempiga msasa. Miaka zaidi ya 500 watu wanakuja kumwona hivyo hivyo na meno yake yaliyong'oka. Nilimwangalia mpaka kaka yako akashuka toka juu ya kuba akaja kunitafuta. Kuna na Pieta ya Michelangelo humo humo, yani sanamu ya Bikira Maria na mwili wa Yesu, ya marumaru, alikuwa anaichonga uzeeni kwa ajili ya kaburi lake kisha akaivunja kwa nyundo mwenyewe, Yesu mguu mmoja hana, nayo ni kubwa mno, lakini nilipita nikarudi kwa Magdalena.

Kwahiyo picha ni tisa kwasababu nilikuwa nazipiga za kazi: mikono kushoto, mikono kulia, shingo, nywele zinavyoanguka. Nimeshapata gogo la mninga kavu, lipo chini ya mwembe nimelifunika turubai. Safari hii naanza na mikono. Ukipita Kariakoo niangalizie patasi ya robo inchi, za huku chuma chake ni laini, makali yanakunja.

Baba yako