Gari la Mjerumani kwa bei ya IST

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, kuna gari la Kijerumani nimeliona yadi, viti vya ngozi, bei sawasawa na kile ki-Toyota IST. Nivute?" Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe miaka mitano iliyopita, na jibu nililojipa nimelilipia hadi mwezi uliopita.

Langu lilitoka Japan. Wajapani nao hununua magari ya Ulaya, mengi yana usukani kulia kama yetu, na yakizeeka yanashuka bei upesi kuliko Toyota. Ndiyo maana yanatufikia chee. Lakini kinachoshuka ni bei ya gari. Spea hazijui kama gari limezeeka.

Miezi saba ya mwanzo nilikuwa mfalme. Mlango ukifungwa unasikika "dup", kama friji mpya. Nilikuwa namtania shemeji yangu: "Shemeji, hicho kiberiti chako Moro kinafika kweli?"

Desemba tukaenda Morogoro kwenye sendoff. Tumeipita Mlandizi, dashibodi ikawaka maandishi mekundu. Ya Kijapani! Sikuwahi kuhangaika kubadilisha lugha. Nikaona kajipicha kama kipimajoto, nikasema ni jua, nikakanyaga kilomita mbili zaidi. Moshi ulipofumka kwenye boneti, shemeji alikuwa nyuma yetu. Hakusema neno. Alipakia mke wangu na watoto kwenye kiberiti chake, wakaondoka wamebanana, nami nikabaki na suti yangu kumsubiri mtu wa brekidauni. Kile kimya chake kinaniuma hadi leo.

Gereji, fundi aligusa kasha la plastiki linaloshika themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, likasagika mkononi mwake kama biskuti. Joto la miaka limelikausha. Akaniambia, "Bosi, tung'oe kabisa hii themostati, nchi yenyewe joto, ya kazi gani?" Nikakubali, maana kwenye Corolla ya marehemu baba ilifanyika na gari likatembea. Hili langu kompyuta ndiyo inaisimamia themostati. Ilipokosekana, injini ikawa haifikii joto lake, kompyuta ikazidi kuimiminia mafuta, taa ya injini ikagoma kuzima, na mafuta ya wiki yakawa ya siku nne.

Kwenye maduka ya spea pale Gerezani, Dar, nikauziwa kasha "la gari hilo hilo". Matundu mawili yakaingia, la tatu likakataa. Muuzaji wa pili ndiye aliyenifungua macho: hakuuliza mwaka wala rangi, aliomba namba ya chesesi, ile ndefu yenye herufi na tarakimu, jumla 17. Kitu kikaagizwa Dubai, kikaja baada ya siku kumi na moja, kikakaa kama kimezaliwa pale. Lakini zile kilomita mbili zilikuwa zimeshaunguza gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Milioni tatu na ushee.

Basi, kaka, sikukatazi. Mimi mwenyewe nimeliendesha miaka mitano, na kwa starehe ya barabarani sijaona mfano wake. Ila tafuta fundi kabla ya gari, fundi mwenye kompyuta inayosoma gari la aina hiyo, siyo yule anayesema magari yote ni sawa. Badilisha plastiki za njia ya maji kabla hazijakubadilishia ratiba. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini; maji ya bomba waachie maua. Na tenga hela ya spea siku ile ile unayolipia gari. Narudia: hela ya spea. Vijana tunakusanya hela mpaka ya mwisho ili tuonekane tumeshuka kwenye gari fulani, kesho yake tunaazima nauli ya daladala. Halafu tunasema tumerogwa. Nani akuroge wewe, wakati taa ya injini inawaka tangu Pasaka na umeifunika kwa stika?

Mwezi uliopita nimeliuza. Sikumficha kijana wa watu kitu: nilimweleza habari ya Mlandizi, nikamwonyesha dashibodi, sasa inasoma Kiingereza, nikamkabidhi faili la risiti zote, nene kama biblia. Akafunua kurasa mbili, akalifunga, akapapasa kiti cha mbele.

"Kaka," akasema, "hii ni ngozi kweli?"