Mahindi Yakilala, Usikimbilie Duka la Mbegu

Juzi msomaji mmoja wa Mbagala kanitumia picha ya shamba lake la Mkuranga, mahindi yote chini. Kaandika: "Kaka, mbegu gani hailali? Nataka nibadilishe msimu ujao." Swali hilo linanichoma. Baada ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024, muuza pembejeo mmoja alinikazania ninunue mbegu ya bei ya kuruka, akiapa kwamba hiyo hata upepo uje vipi, haitikisiki. Hakuniuliza hata mahindi yangu yamelala vipi.

Maana kuna kulala kwa aina mbili. Bua likikatika, iwe katikati au karibu na ardhi, hiyo ni kesi ya bua: funza, kuoza, upungufu wa potasiamu. Bua likiwa zima ila mmea wote umeinama kuanzia shinani na udongo umeinuka upande mmoja, hiyo ni kesi ya mizizi. Dawa ya huku haitibu kule.

Kwangu Kimbiji, kwenye mchanga, ilikuwa mizizi. Lakini kilichonikera ni kwamba mbegu ni ileile, siku ya kupanda ileile, na bado sehemu moja ililala karibu yote huku sehemu nyingine imesimama. Ningemwamini yule wa dukani ningeitupa mbegu nzuri. Ili nipime mizizi inashika kwa nguvu kiasi gani, nikaenda Kariakoo, nikanunua mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Kwenye pantoni mama mmoja aliniuliza samaki nimewaacha wapi. Shambani ndiyo usiseme, majirani walidhani jua limenipiga.

Ninavyofanya ni hivi. Nachagua mmea wa mistari ya katikati, si wa pembezoni, kwa sababu wa pembezoni hupata mwanga na nafasi zaidi na huwa na nguvu kuliko wenzake. Nafunga kitambaa kwenye bua, mita 1 kutoka ardhini, natia ndoano, navuta polepole kwa ubavu mpaka mmea uiname nyuzi 45. Naandika kilo kubwa kuliko zote iliyosoma mizani. Tuseme imesoma kilo 3: zidisha kwa 9.8, kisha kwa mita 1, unapata kama nyutoni mita 29, yaani nguvu ya kuupindua mmea. Urefu usibadilike. Ukivuta kwenye nusu mita, mizizi ileile itadai karibu kilo 6, nawe utadhani umepata mmea wa ajabu.

Wapo wanaovuta mmea kwenda juu. Ni kipimo cha zamani na kina kazi yake, lakini upepo haung'oi hindi kama mhogo, unalisukuma. Inama uangalie shinani wakati unavuta: upande ambao upepo ungetokea, yaani kinyume na unakovutia, udongo unapasuka ufa mwembamba, mizizi inakazwa kama kamba, midogo inakatika na unaisikia mkononi. Upande wa pili mizizi inabanwa na kupinda. Hapo ndipo mmea unapogeukia.

Sasa sikiliza, ndugu yangu mkulima wa simu, wewe unayesimamia shamba kwa kupiga simu na unayetaka magunia kama mimi: vuta mmea udongo ukiwa umelowa. Udongo ukiwa mkavu bua litakatika kabla mizizi haijalegea, na hapo utakuwa umepima bua. Mstari uleule niliouvuta kiangazi, mvua iliponyesha mizani ilisoma kidogo mno. Mahindi hulala siku ya mvua na upepo pamoja. Kwa hiyo vuta mmea udongo ukiwa umelowa, narudia.

Na ile sehemu iliyolala? Ndiyo ambayo kijana wa shamba hakupunguza miche. Mabua membamba, marefu, mizizi kiduchu. Nilipovuta michache iliyobaki wima, iliinama kwa urahisi hadi nikaona aibu kwa niaba yake. Iliyosimama ilikuwa imepandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, na ilikuwa imepandishiwa udongo. Ile mizizi minene inayotoka kwenye pingili za chini, juu ya ardhi, haisaidii kitu ikining'inia hewani. Ikiingia ardhini ndipo inashika. Urea nayo punguzeni mkono. Mnafurahia kijani, hamwangalii kwamba mnapandisha mzigo juu ya mizizi ileile.

Basi punguza miche mapema, pandishia udongo palizi ya pili, acha kulaumu upepo. Na usiniamini mimi pia. Mistari miwili iache bila kupandishiwa, mvua kubwa ikishanyesha ivute pamoja na iliyopandishiwa. Kijana wako akikuona umechanganyikiwa, mpe daftari aandike kilo.