Land Cruiser 100 imelala nyuma, springi gani niweke? (jibu refu kidogo)

Mkuu nimesoma swali lako, una Land Cruiser 100 ya dizeli, ikiwa tupu inaonekana kama ina mzigo, ukipakia familia na vitu vya nyumbani inagota kila tuta, na fundi kakwambia weka spesa tu (kile kipande cha kuongezea urefu juu ya springi) au tafuta springi za hevi dyuti umalizane nayo. Mimi natembelea shangingi hilo hilo, langu halina AHC (ule mfumo wa kupandisha na kushusha gari kwa kitufe), na njia yangu kubwa ni Dar kwenda Njombe, kwenda naenda mwepesi, kurudi kuna viazi, kuna mahindi, na kuna ndugu aliyeomba lifti ya mpaka Iringa na ana mabegi. Springi za nyuma nilishabadilisha zote na shokapu, kwahiyo nakujibu kwa nilichokiona kwenye gari yangu na za jamaa zangu.

Jambo ambalo wengi wanaliruka ni kwamba springi hainunuliwi kwa urefu unaotaka gari ikae, inanunuliwa kwa uzito unaobeba siku nyingi za mwaka. Ukienda dukani Gerezani ukasema nataka gari inyanyuke utapewa kitakachoinyanyua, na itanyanyuka kweli, halafu siku unaenda nayo kazini tupu ukikanyaga rasta matako yanaruka mpaka kichwa kinagusa paa, na kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi ya bati nyuma inacheza kulia kushoto kama inataka kukupita. Hio sio springi mbovu, ni springi ya gari ya mizigo imewekwa kwenye gari inayotembea tupu.

Halafu elewa springi iliyochoka imekuwaje, maana hapa ndo spesa inapoingia. Watu wanadhani ikichoka imekuwa laini. Hapana, ugumu wake unabaki karibu ule ule, kilichotokea ni kwamba chuma kimezidiwa mara nyingi mno mpaka hakirudi tena kwenye urefu wake wa zamani, yaani imekuwa fupi. Ndo maana ukiweka spesa juu yake gari inarudi juu na ikiwa tupu unaona imepona kabisa. Ila ukipakia inashuka kwa kiasi kile kile ilichokuwa inashuka, kwasababu ugumu haujaongezeka hata kidogo, na chuma chenyewe kimeshaanza safari ya kufupika hakitasimama kwasababu umeweka kipande cha plastiki juu. Spesa ina kazi yake, mfano upande mmoja umekaa chini sentimita moja kwasababu ya tenki na dereva, hapo sawa weka nyembamba. Kutibu springi iliyochoka kwa spesa ni kununua muda tu.

Ugumu unatoka wapi? Unene wa waya, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko. Waya ndo mwenye nguvu kuliko wote hapo, ugumu unapanda kwa unene wa waya kwa kipeo cha 4, kwahiyo springi mbili zinazofanana kila kitu, moja waya milimita 16 nyingine 17, ya pili ni ngumu kwa kama asilimia 27. Milimita moja tu! Kwa macho huioni, nenda na kipimo cha vernia kama fundi wako anacho, pima waya wa zamani (kwangua kutu na rangi kwanza) halafu pima ile unayouziwa. Ukikuta muuzaji anakwambia hii ni hevi dyuti na waya ni ule ule, duara ni lile lile, mizunguko ni ile ile, basi hevi dyuti yake ni rangi.

Kuna mambo ya gereji za kwetu nayakataa moja kwa moja. Kuchoma springi kwa gesi ili ivutwe iwe ndefu: chuma cha springi kimepikwa kiwandani kikapata ule uimara wake, ukikichoma unaua pale ulipochoma, itakaa vizuri kwa muda kisha inalala tena au inakatika hapo hapo. Nyingine ni zile raba za kupachika katikati ya mizunguko. Zinanyanyua kweli na ni bei rahisi, ila umezuia mzunguko mmoja usifanye kazi, mzigo wake unahamia kwa wenzake, na ile raba inashika mchanga na maji inasugua rangi mpaka kutu inaanza. Jamaa yangu mwenye Prado aliziweka, springi ikakatika jirani kabisa na raba, na kipande kilichobaki kilikuwa kinang'aa kama kimepigwa msasa.

Sasa kabla hujatoa hela, pima. Usipime toka chini mpaka kwenye bampa maana tairi na upepo vinadanganya. Paki sehemu tambarare, sukuma gari mbele na nyuma kidogo itulie, shika futi, pima toka katikati ya habu ya tairi kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne. Andika. Halafu siku umepakia kama unavyosafiri kweli, pima tena. Yangu ilikuwa nyuma kulia sentimita 50 na nusu tupu, na mzigo inashuka mpaka ile raba inayopokea ekseli imebakiza upana wa kidole, ndo maana kila tuta dogo lilikuwa kishindo. Ukiwa chini hapo na tochi angalia pia mizunguko ya springi, ukiona sehemu zinang'aa zinapoangaliana ujue zimekuwa zinagongana, na mzunguko wa mwisho chini kabisa ndo unakaa na tope, kutu inaanzia hapo, gusa kwa bisibisi uone kama inabanduka maganda.

Uzito nao uhesabu kwa ukweli. Gunia la mchele au mahindi ni kama kilo 100, manne ni 400 na hujapanda wewe, na kama ni viazi vya lumbesa ndo kabisa usiniambie gunia moja ni kilo 100. Tenki la dizeli likijaa ni kama kilo 75 au 80 hivi. Keria ya chuma juu, tairi la pili la akiba, siti za nyuma kabisa, hivyo vyote ni uzito wa kudumu, haushuki. Kampuni nyingi za springi hasa za Australia (Old Man Emu, Dobinsons, Ironman na wengine) hazikuuzii springi moja ya Land Cruiser 100, zina madaraja, ya gari tupu, ya mzigo wa kati wa kudumu na ya mzigo mkubwa wa kudumu. Hilo neno kudumu ndo la kulishika. Mimi nilichukua ya kati, inanyanyua kama sentimita 4 hivi juu ya ilivyotoka kiwandani, tupu haijawa ngumu ya kukera, na nikitoka Makambako na mzigo bado nafasi ya kucheza ipo.

Kama mwaka mzima unatembea tupu na unabeba mara chache, fikiria springi za kawaida mpya pamoja na mifuko ya hewa ile inayoingia ndani ya springi. Ukiwa tupu unaacha upepo kidogo kama psi 5 isijikunje, ukipakia unajaza, nyingi mwisho wake ni psi 30 na kitu, soma ya kwako. Ubaya wake bomba la hewa likipita karibu na ekzosi linayeyuka, na miiba na mawe porini sio rafiki. Ila kwa mtu wa lami na matuta naona ni jibu zuri kuliko springi ngumu.

Hapa kuna jambo hukulitaja na ni kubwa: gari yako ina AHC? Kama inayo, usiguse kitu kwanza. Zile springi zake za nyuma ni laini makusudi kwasababu sehemu ya uzito inabebwa na mafuta yenye presha na yale matufe (vyombo vya duara) yenye gesi ya naitrojeni. Springi ikichoka kwenye hiyo, pampu inaongeza presha kufidia, gari inaonekana iko urefu sawa lakini inakuwa ngumu kama ubao, na watu wanakimbilia kulaumu shokapu. Dawa ni springi za AHC mpya, au kama umechoka nayo ung'oe mfumo wote mbele na nyuma, na tosheni baa za mbele (vile vyuma virefu vinavyojipinda vikifanya kazi ya springi) nazo ubadilishe maana ni laini pia. Na hii inawahusu hata msio na AHC mnaonunua springi za mtumba kutoka Dubai, mnaweza kuuziwa zilizotoka kwenye gari ya AHC, unafunga Jumamosi, Jumatatu gari imelala kuliko jana yake.

Kufunga sio kazi ngumu kwa nyuma. Gari inyanyuliwe kwenye chesisi na stendi ziwekwe chini ya chesisi, sio chini ya ekseli, jeki ibaki kwenye difu kushusha ekseli taratibu. Fungua shokapu chini, stabilaiza linki, na ile fimbo ya kukingama inayozuia ekseli isiende pembeni, halafu uwe na mtu anaangalia paipu ya breki isivutike. Springi ya zamani itatoka kwa mkono. Mpya ni ndefu, itahitaji kusukuma ekseli chini upande mmoja. Ile raba ya kukalia juu ikiwa imepasuka weka mpya, na ncha ya springi ikae kwenye kikomo chake, ukiiacha imepishana utasikia klok ukikata kona utadhani bushi (raba za kwenye viungio) imekufa.

Bushi zenyewe, na hapa mafundi wengi hawakusikilizi mpaka usimame pembeni: boliti za zile fimbo zinazoshika ekseli zisikazwe mwisho gari ikiwa hewani. Shusha, itikise ikae kwenye urefu wake, ndo ukaze. Ukikaza ekseli ikining'inia bushi inashikwa ikiwa imejipinda na itapasuka mapema bila sababu unayoijua.

Shokapu zibadilishwe pamoja. Springi imekuwa ndefu, shokapu fupi ya zamani inavutika mpaka mwisho kila gurudumu likishuka shimoni, inakuwa yenyewe ndo kamba inayoizuia ekseli, na shokapu iliyochoka haiwezi kutuliza springi ngumu. Bajeti iwe moja.

Ukishainua nyuma utaona mbele imekuwa chini. Mbele ya 100 ni tosheni baa, zina boliti za kurekebishia, fundi anaweza kupandisha bila kununua kitu, ila usiwe na tamaa. Ukizidisha, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka, sivi (viungio vya shafti za magurudumu ya mbele) zinakaa kwa pembe kali na raba zake zinapasuka. Acha mbele iwe chini ya nyuma sentimita 2 au 3, halafu nenda wili alaimenti, na taa kubwa zipangwe upya. Kama ni 105, ile yenye ekseli nzima mbele na springi kama za nyuma, hayo ya tosheni baa hayakuhusu.

Kitu kingine, kwenye gari nyingi zisizo na ABS kuna valvu ya breki imeunganishwa kwa kijiti kwenye ekseli ya nyuma, inapima mzigo. Ukiinua gari inadhani uko tupu, inapunguza breki za nyuma. Mwambie fundi akirekebishe kijiti.

Na springi haibadilishi uwezo wa gari. Ekseli, breki na tairi ni zile zile, kikomo cha uzito cha kiwanda hakijapanda hata kilo moja, gari kukaa vizuri isikutie moyo wa kuongeza gunia la sita halafu unashuka nayo mlima Kitonga.

Haya, pima tupu na mzigo kona zote nne, niambie kama ina AHC, na piga picha ya mzunguko wa chini wa springi uiweke hapa, tukiona hivyo ndo tutajua daraja gani la springi likufae.