Uliza Fundi: Ubuntu imeikataa kadi yangu ya NVIDIA

Swali: Shikamoo fundi. Nahariri video za harusi hapa Morogoro. Nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye kadi ya grafiki ya NVIDIA GTX 1050 Ti, nikaweka mfumo wa Linux uitwao Ubuntu 22.04. Mwanzoni picha ilikuwa safi. Kisha nikaandika `sudo apt install nvidia-driver-535`, ikaniomba nenosiri jipya, nikaweka, nikawasha upya. Ikatokea skrini ya buluu, ikapita yenyewe. Tangu hapo kioo kimekwama kwenye 1024 kwa 768 na Kdenlive, programu yangu ya kuhariri, inatambaa. Amri ya kukagua kadi, `nvidia-smi`, inadai imeshindwa kuwasiliana na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Fundi wa jirani kasema kadi imekufa, nipige Windows. Nifanyeje?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba. Usinunue kadi nyingine, wala usifute chochote. Kama waya wa monita umechomekwa kwenye kadi yenyewe na picha unaiona, kadi iko hai. Inaniuma kila ninaposikia kadi nzima zikitupwa kwa tatizo hili.

Chanzo ni ile skrini ya buluu. Kompyuta nyingi zilizotoka baada ya Windows 8, mwaka 2012, zina kinga iitwayo Secure Boot. Ikiwa imewashwa, kerneli ya Ubuntu, yaani kiini cha mfumo, haipokei draiva isiyo na saini inayoaminika. Draiva uliyoiweka iliundwa humo humo ndani ya mashine yako na kutiwa saini kwa ufunguo wa mashine hiyo, na ufunguo huo hautambuliki mpaka mwenye kompyuta auidhinishe kwa mkono wake kabla mfumo haujawaka. Nenosiri uliloombwa lilikuwa la kazi hiyo. Skrini ile husubiri sekunde chache tu. Usipogusa kibodi, inaendelea na safari.

Mbona mwanzo picha ilikuwa safi? Wakati ule kadi iliendeshwa na nouveau, draiva huria inayokuja na Linux. Ulipoweka ya NVIDIA, nouveau ikazuiwa ili zisigombane. Sasa moja imezuiwa, nyingine imekataliwa, na kazi yote ya kuchora imeangukia prosesa. Ndiyo maana Kdenlive inatambaa.

Hakikisha kwanza. Kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, andika `mokutil --sb-state`; ikijibu *SecureBoot enabled*, andika `sudo modprobe nvidia`. Ikilalamika kwamba ufunguo umekataliwa, ugonjwa ni huo. Sasa andika:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Weka nenosiri la herufi ndogo tupu, nane au zaidi, kwa sababu skrini ya buluu husoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani na alama nyingine huhama. Washa upya, na usiondoke mbele ya kioo. Bonyeza kitufe chochote, chagua *Enroll MOK* (MOK ndiyo ule ufunguo wa mashine yako), kisha *Continue*, *Yes*, andika nenosiri, malizia na *Reboot*. Usichague *Continue boot* iliyo juu kabisa. Hiyo itakurudisha ulipo.

Ukiingia, `nvidia-smi` itakuonyesha jedwali lenye jina la kadi na kumbukumbu yake ya GB 4. Unapotoa video ya mwisho kwenye Kdenlive, chagua NVENC, sehemu ya kadi inayobana video. Kadi yako inayo, na itaupunguzia prosesa mzigo mkubwa.

Wapo watakaokwambia uzime Secure Boot. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi njia hiyo: ufunguo ukishaidhinishwa mara moja, kerneli zijazo zitautumia huo huo. Na tafadhali usipakue draiva yenye mwisho wa `.run` kutoka tovuti ya NVIDIA. Apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, haiitambui, na kerneli ikibadilika unaweza kubaki na kioo cheusi.

Swali: Nimebadilisha kadi. Linux Mint inaonyesha nembo, halafu giza.
*Msomaji, Mbagala*

Jibu: Unapowasha, shikilia Shift au gonga Esc mpaka itokee menyu ya GRUB, programu inayouwasha mfumo. Bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, mwishoni mwake acha nafasi uandike `nomodeset`, kisha F10. Utaingia, ingawa picha itakuwa duni. Fungua Driver Manager, weka draiva inayopendekezwa, washa upya. Neno hilo hufanya kazi kwa kuwasha huko kumoja tu. Usilihifadhi kwenye mipangilio, maana litaizuia kadi yako mpya isifanye kazi yake.